Ile Bastola Tuliyoiita Kiberiti

Delbert, uko wapi? Kaa chini kwanza. Leo nimeumbuka.

Unaujua huu mkono wangu tangu upasuaji. Ile bastola kubwa ya jeshi aliyoniachia babu ikipiga teke, naona nyota mchana kweupe. Basi nikaendesha mpaka duka la bunduki la mji wa Ardmore, mbali na macho ya watu, kuitazama ile ndogo. Ndiyo, ILE. Sura ileile ya kubwa, ila inakula risasi ndogo za kuwindia sungura. Ile tuliyoicheka mimi na wewe kwenye klabu yetu ya shabaha miaka sita, tukaiita kiberiti!

Binti muuzaji akanipa. Nikachungulia chemba, pale risasi inapokaa, kama ilivyo desturi; tupu. Del, ilinikaa mkononi kama nimezaliwa nayo.

Lakini moyo ukasita. Nikamwambia, "Acha tu, binti. Rafiki yangu akijua atanicheka mpaka kaburini."

Akaitazama kofia yangu ya klabu. "Ni yule babu mwenye kofia kama hiyo? Alichungulia chemba mara tatu, anahesabu kwa sauti kama anasali?"

MARA TATU. KWA SAUTI. Nani mwingine huhesabu hivyo, Del?

Nikamuuliza, "Alitaka nini?"

"Alinunua hiyohiyo, mwezi uliopita. Akasema ana rafiki mwenye domo, asije akajua."

Domo, Del! Mimi, nina domo!

Kaunta nzima ilinicheka. Nami nikacheka mpaka mkono ukauma.

Nimeinunua. Jumamosi njoo klabuni na yako, usijifanye mgonjwa. Tutahesabu wote mpaka tatu.