Mikono Iliyokataa Nikeli

Nyakato, Mwanza
6 Machi 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limepunguza maumivu ukaweza kufika shambani. Mdogo wangu Favour, atakayekusomea, nampa pole kwa kazi. Huku mvua zimeanza na dagaa hawakauki vizuri, lakini tunakula na tunalala salama.

Uliniuliza kupitia kwa baba mdogo Ogweno ni kazi gani hasa ninayoifanya. Viwanda vya minofu ya sangara vimeongezeka sana tangu watu binafsi waruhusiwe, na mashine zao zinaliwa na kutu kwa sababu ya maji na barafu. Tajiri wangu, Bwana Mayala, ambaye shirika alilofanyia kazi lilipouzwa alinunua matangi machache na kufungua karakana, anavipaka vyuma vya mashine hizo nikeli, madini yasiyoshika kutu. Hatutumii brashi. Bamba la nikeli linaning'inizwa ndani ya tangi la maji ya dawa ya kijani, chuma cha mteja kinawekwa upande wa pili, umeme unapita, na nikeli inahama kidogo kidogo hadi inakifunika chuma chote kwa utando mwembamba kuliko karatasi hii. Paskazia, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anasugua na kuosha vyuma. Mimi natumbukiza na kutoa.

Mwaka jana tulitumia nikeli ya vipandevipande, iliyochanganyika na vyuma vingine. Utando ukatoka na vipele, ukabanduka. Kiwanda kimoja kikaturudishia mzigo wote. Meneja akasema hawezi kumuuzia mtu minofu yenye magamba ya chuma. Tulidhani karakana imekufa. Bwana Mayala akaagiza nikeli safi kabisa, ikaja kwa treni kutoka Dar. Mama, siku ya kwanza nilipokitoa chuma kwenye tangi lile, nilijiona uso mpaka kope. Bwana Mayala aliwaita mafundi wote waje kutazama, akasema, "Amondi, hii ni kazi yako." Sijawahi kuipenda kazi kama siku ile.

Ni siku hizohizo mikono ilipoanza. Kwanza muwasho kati ya vidole, kisha malengelenge, kisha ngozi ikapasuka. Glovu zilikuwa zimetoboka, nami sikujali. Baba mdogo Ogweno alipokuja akaiona, akaona pia kwamba mikono ya Paskazia ni mizima, ingawa tunashika vyuma vilevile. Akakuletea habari, nawe ukajibu kwamba Mkerewe huyo ananionea wivu kwa kusifiwa na tajiri, amenitupia kitu, nihame kabla hajanimaliza. Ulilitaja jina lake hata kanisani, kwa akina mama. Baba mdogo naye akaja kulirudia hapa uani, mbele ya wapangaji.

Nadhani hamkujua neno lile lingefika wapi. Wapangaji waliacha kuchota maji pamoja naye. Jioni moja jiwe lilivunja dirisha letu, na sauti ya mwanamume ikamwambia arudi Ukerewe angali na miguu. Unajua, Mama, yanayowapata wanawake wanaotajwa hivyo huku. Paskazia hakulia. Alifagia vioo, akaniuliza kama na mimi ninaamini. Nikamwambia siamini. Akasema basi twende hospitali tukajue.

Daktari wa ngozi alinibandika kipande kidogo cha nikeli mgongoni. Paskazia akaomba naye abandikwe. Tuliporudi kwake baada ya siku mbili, mgongo wangu ulikuwa umevimba palepale na kutoa malengelenge. Wake haukuwa na alama. Daktari akatueleza kwamba kuna miili inayoikataa nikeli, hata iwe safi namna gani, na ukishaikataa basi ni moja kwa moja. Hakuna mtu aliyenifanyia kitu.

Kwa hiyo nimeacha tangi. Bwana Mayala amesema nikipona nitapokea wateja na kukagua utando kwa macho, bila kugusa. Nililia sana siku hiyo. Tangi langu amepewa Paskazia, na najua hilo utalipokeaje, lakini ni mimi niliyemwombea.

Sasa nikuambie jambo ambalo Favour ameshaliona tangu mstari wa kwanza. Mwandiko huu si wangu. Mikono yangu imefungwa bendeji, siwezi kushika kalamu. Mimi nasema, Paskazia anaandika. Yote uliyoyasema juu yake ameyaandika yeye mwenyewe. Alisita mara moja tu, pale pa jiwe. Nikamwambia aliruke, akasema hapana, Mama asomewe. Ndiye anayenilisha, ananiogesha na kunisuka nywele.

Naomba Jumapili usimame mbele ya akina mama walewale, ulitaje jina lake tena, useme ulikosea. Baba mdogo naye aje afanye hivyo hapa uani. Pasaka nakuja nyumbani, na nakuja naye. Kama hutaki kumpokea, nitumie neno mapema, ili tubaki huku sote wawili.

Nisalimie majirani, na shangazi Anyango mwambie simsahau. Mungu akupe nguvu ya goti na ya moyo.

Mimi mwanao akupendaye,
Amondi

Shikamoo Mama. Ni mimi Paskazia, niliyeandika. Mikono yake inapona.