Nimesogeza Mtihani wa Binti Yangu, na Sasa Karani wa Chuo Anakuja Kusukwa

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nimekwama, na wa kunikwamua ni wewe tu, maana dada yangu nikimwambia leo kesho mtaa mzima unajua, na naomba sana usitaje jina langu wala la saluni yangu, sema tu ni mama mmoja mwenye saluni ghorofani, juu ya duka la viatu, yenye mlango wa bluu na viti vitano, hapo hakuna atakayenitambua.

Mimi ni msusi, Shangazi, na si kwa kujisifu, nimesuka mabibi harusi wa mji huu mpaka wengine nimewasukia na binti zao, na binti yangu wa pekee nimemlea humo humo saluni, ametambaa juu ya nywele zilizokatwa, amejua kusuka kabla ya kujua kuhesabu, na leo wateja wanamwita Vidole kwa sababu akigusa kichwa chako unasinzia na ukiamka umependeza. Sasa huyu Vidole tangu amalize shule kichwani ana chuo tu, tena si chuo cha urembo, hapana, anataka kusomea kazi ya maabara, kupima damu za watu, na yalianza taratibu, mara anauliza kwa nini dawa ya kulainisha nywele inaunguza ngozi, mara anasoma maandishi ya nyuma ya chupa, mimi namwambia osha chupa yeye anasoma chupa, mara nikimtafuta namkuta amekaa chini ya draya ambayo haijawashwa, kichwa ndani, kitabu mapajani, ili watu wadhani naye ni mteja wasimsumbue.

Akajiandikisha kufanya mtihani wa kuingia chuo. Mimi sikumkataza, Shangazi, andika hapo kwamba sikumkataza, nilimwambia nenda mwanangu Mungu akutangulie, kumbe mtihani wenyewe wameuweka Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na Jumamosi hiyo hiyo tuna harusi, tena si harusi ya mchezo, ni bibi harusi, wapambe, mama zake wakubwa kwa wadogo na mawifi wenye vichwa vigumu, na bibi harusi amesema mbele ya watu, "Mimi anisuke Vidole, la sivyo naenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara," na yule wa ng'ambo ya barabara nilimfundisha mimi kwa mikono hii, akaondoka na wateja wangu na vitana vyangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Basi siku moja Vidole ameenda kununua nywele za bandia, simu yake ameiacha inachaji, nikaichukua nikapiga chuoni. Mimi na yeye sauti ni moja, hata baba yake akipiga simu huniita mwanangu na kuniuliza kama mama yako hasira zimeshamwisha. Akapokea karani mwanamke, mpole, nikamwambia mimi ndiye mtahiniwa, naomba nisogezewe mtihani, akauliza sababu, na mimi sababu sikuwa nimeiandaa, ikanitoka tu kwamba mama yangu amelazwa na hali yake mbaya. Yule mama akasema, "Pole sana mwanangu, mama ni mama, mtihani upo tu." Nililia, Shangazi, nililia kweli, nilijionea huruma. Ikaja meseji kwamba nimehamishiwa awamu ya pili, na kwamba awamu ya pili ni ya nafasi zitakazobaki, kama zitabaki, na kwamba mtahiniwa akibadili mawazo aende mwenyewe na kitambulisho kabla ya Ijumaa adhuhuri, kiti chake bado kipo. Nikaifuta. Si mtihani ni mtihani, au huu wa kwanza una sukari?

Vidole bado sijamwambia. Nimepanga nimwambie kwamba chuo chenyewe kimepiga simu kikasema kimeahirisha kwa watu wote, lakini nangoja wakati mzuri, kwa hiyo yeye anaendelea kusoma na mimi nampelekea chai.

Mpaka hapo nilikuwa salama. Juzi simu ya saluni ikalia, nikapokea, sauti ikasema, "Habari za hapo, mimi ni mama mdogo wa bibi harusi wa Jumamosi, na mimi naomba mniweke kwenye zamu, mapema ikiwezekana." Ni yule karani! Na kabla sijamaliza kusema nzuri akasema, "Samahani, hii sauti naijua. Si wewe yule binti ambaye mama yake amelazwa?" Nikamjibu, "Umekosea namba, hapa ni buchani," nikakata. Kesho yake bibi harusi akaja amenuna, anauliza tangu lini tunauza nyama. Nikamwambia ni mitandao, siku hizi simu zinaingiliana.

Sasa Shangazi, Jumamosi yule mama atakaa kwenye kiti changu, atasikia sauti yangu, atasikia na ya Vidole, ataulizia mgonjwa, na mgonjwa ni mimi niliyeshika kitana. Nimefikiria nijifunge bendeji shingoni niseme nimeruhusiwa asubuhi hiyo hiyo. Nimefikiria pia nisiongee siku nzima nisingizie koo. Kumficha Vidole chumba cha nyuma siwezi, maana mimi mwenyewe bibi harusi simmudu, vidole vyangu siku hizi kukipambazuka vinakataa kujikunja, ila hilo si la kuandika gazetini. Nijibu upesi, bendeji au koo?

Ni mimi,
Mama Aliyebanwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama Aliyebanwa.

Barua yako imesomwa hapa ofisini kwa sauti, na mhariri wetu, mtu ambaye kucheka kwake ni kama kupatwa kwa jua, alitoka nje kidogo akarudi macho mekundu. Umeniomba nikufiche. Nimekuficha. Ila wewe mwenyewe umetaja ghorofa, duka la viatu, rangi ya mlango na idadi ya viti, umebakiza kutuchorea ramani.

Unauliza bendeji au koo. Haya, jifunge bendeji. Utainamaje kuosha vichwa vya mawifi na shingo imefungwa kama gogo? Au shika koo. Mteja akikuambia unamvuta nywele utamwomba radhi kwa kukonyeza? Njia ya mwongo ni fupi, mama, na yako imeishia kwenye kiti chako mwenyewe, na aliyekaa pale ameshajifunga taulo anasubiri.

Barua hii nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali unaponiuliza habari za binti yako. Sijapaona. Umeniuliza ya shingo yako, ya koo lako na ya bibi harusi wako. Mtoto amejibana chini ya mashine anasomea mtihani ambao wewe umeshauondoa, na wewe unampelekea chai! Chai ya nini? Si umpelekee mto alale? Hilo limeniudhi kuliko simu. Simu tuseme ulipitiwa, shetani alikaa begani. Lakini hiyo chai unainjika kila siku, unaichuja, unaitia sukari, kwa akili zako timamu.

Umeniagiza niandike kwamba hukumkataza. Nimeandika: mama huyu hakumkataza. Ungemkataza ingekuwa afadhali, maana angebisha, angelia, angemwita baba yake, na pengine angekushinda. Wewe umempiga bao akiwa hajui kama kuna mchezo. Halafu eti mtihani ni mtihani. Mteja wako akikosa zamu yake, huwa unamwambia akae angoje kichwa kitakachobaki, kama kitabaki? Awamu ya pili ni makombo, na meseji ilikwambia hivyo kwa lugha nyepesi kabisa. Uliifuta kwa sababu uliielewa.

Sasa nikupe pole, kwa sababu katika barua yako yote kuna jambo moja la kweli, na ndilo uliloniomba nisiandike. Naliandika. Vidole vyako kukipambazuka vinakataa kujikunja. Pole sana, mama. Mtu aliyelisha nyumba kwa mikono yake, mikono ikianza kugoma, usingizi hauji, na mimi sikucheki kwa hilo hata kidogo. Unaogopa binti akiondoka wateja watajua kwamba kazi nzuri ya saluni hiyo siku hizi ni yake, na wewe utabaki na viti vitupu. Ni woga, nao hauna aibu. Aibu ni kumlipisha mtoto. Na ona ulivyo na bahati mbaya ya kuchekesha: nyumbani kwako kuna mtu mmoja tu anayetamani kujua mwili wa mwanadamu unaumwa nini na kwa nini, na huyo ndiye uliyemficha ugonjwa wako ukaenda kumsimulia karani.

Basi nisikilize. Gazeti hili linatoka Alhamisi, na Ijumaa adhuhuri ni kesho. Maji bado hayajamwagika, lakini chombo umekiinamisha mwenyewe. Weka kitana chini. Mwite binti, funga mlango huo wa bluu, wateja wangoje ngazini, umwambie yote, na usianze na "mimi ni mama yako nimekuzaa." Hilo analijua. Wala usitangulie kulia. Ukilia wewe, yeye ataanza kukubembeleza, na leo si zamu yako kubembelezwa. Mwambie na ya mikono. Kisha nendeni chuoni wote wawili, yeye na kitambulisho chake, wewe na aibu yako, umwambie yule mama mpole kwamba mgonjwa ni wewe na bucha ni wewe. Atakucheka. Vumilia.

Bibi harusi mpigie leo, mwambie Vidole Jumamosi hayupo. Na nakuona kwa mbali unavyoanza kupiga hesabu, kwamba basi amsuke Ijumaa jioni. Hapana! Ijumaa jioni mtoto analala. Ukiweza kuimeza, vuka barabara ukamwombe yule mwanafunzi wako wa zamani aje akushike mkono siku hiyo moja. Atakuringia, atakukumbusha maneno ya nyuma, na vitana hatarudisha, lakini kusuka anajua, kwa sababu alifundishwa na fundi. Akikataa na bibi harusi akaondoka, mwache aondoke. Harusi nyingine zitakuja. Jumatatu nenda hospitali ukaonyeshe hivyo vidole kwa daktari, si kwa gazeti.

Hayo ni yako. Lakini mimi kazi hii nimeifanya muda mrefu na watu wa namna yako nawajua. Utasoma mpaka hapa, utakunja gazeti, utasema nitamwambia jioni, na jioni utasema amechoka, nimwache. Kwa hiyo sitakuachia peke yako. Sasa naongea na mwenzio.

Binti, ikiwa gazeti limekufikia kabla ya mama yako kufungua mdomo, na moyo unakudunda, ndiyo, ni wewe. Hujakosea kusoma. Mtihani wako umeondolewa bila wewe kujua, na kiti chako kipo mpaka kesho adhuhuri, hakuna anayeweza kukirudisha isipokuwa wewe mwenyewe. Mama yako utamkasirikia Jumapili, kutwa nzima, una haki zote na mimi nitakuwa upande wako. Leo chukua kitambulisho, vaa viatu, nenda.

Shangazi