Programu Aliyoiacha Kaka Yako

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kiuno kimekuachia upige magoti kusali bila kuguna. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Cherehani inalia na wateja wananung'unika, basi ujue tunaishi.

Nimeyapokea maneno yako juu ya programu ya marehemu kaka yako, ile ambayo wachumi hukokotolea kwa nini bei ya unga imepanda, kama ni mvua au ni nauli ya malori. Umesema niifungie kama suti zake mpaka binti yetu aweze kuishika, maana jasho la ndugu halirithiwi na wapita njia. Nimekuelewa. Lakini kaka yako aliigawa bure, tena kama nguo iliyogeuzwa, kila mtu aione mishono. Binti naye nilimuuliza. Akacheka, akasema yeye ni muuguzi, hesabu yake ni ya matone ya dripu.

Tukiwa katika kuvutana huko, wenye ghala la mtandaoni zinakowekwa programu hizo wakaleta onyo, binti akanisomea: mtambo mkuu unaoziendesha umebadilika, ya marehemu imeanza kukwama, na isipopata wa kuitengeneza mwezi huu itaondolewa. Wifi, niliumia kama nimeambiwa tunamzika tena.

Unamkumbuka Mama Kasoro? Yule mtakwimu wa ng'ambo, hatujapata hata kumwona, aliyekuwa hachoki kumwandikia kaka yako kwamba hapa umekosea, pale jibu limepinda. Kaka yako alikuwa akisema huyo hata peponi atawaambia malaika mabawa yao hayalingani. Kisha anakaa, anarekebisha, anamshukuru.

Sasa kaa vizuri. Nimempa yeye. Niliomba, nikafunga, moyo ukatulia, nikamwambia binti amkabidhi funguo zote. Nilijiuliza ni nani aliyeisoma kazi ya mume wangu mstari kwa mstari. Sisi wengine tulimsifu tu.

Ameshaitengeneza, haiondolewi tena. Jina la kaka yako liko juu, lake chini. Na siku hiyohiyo akatangaza kosa jingine la marehemu, dunia nzima isome! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu msiba, ni yeye wa kwanza kumsahihisha kana kwamba yupo.

Hasira zako nazipokea. Njoo unigombeze ana kwa ana, chumba chako nimeshakifagia. Msalimie shemeji na wanao, Mungu awafunike.

Ni mimi wifi yako,
Fundi Cherehani