Mshale Mfupi Kwenye Mbili

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu za mzee mwenzako. Natumaini goti lako limepunguza ukaidi na wajukuu hawajambo. Sisi tunapumua. Daktari ameusikiliza moyo wangu akaniambia niyamalize mambo yangu, na mtu mzima haambiwi mara mbili. Jambo langu ni moja, na nimelificha kwa watu wote, dada yako akiwa wa kwanza: sikuwahi kuwa mpenzi wa saa za zamani.

Najua utacheka. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Bwana Majira, ukaniuliza kama kaburini nako kuna kengele ya kuingia darasani. Droo yangu umeiona: saa za mkono za kutia ufunguo, mikanda imekauka kama ngozi ya mjusi, vioo vimekwaruzika, zote za bei ya kutupa. Binti yangu alinisema siku moja kwamba binadamu kaumbiwa mikono miwili, je, nyingine nitazivaa miguuni? Na dada yako, ambaye macho yake siku hizi hayabagui kidonge na kifungo, alilalamika kwamba akilala huisikia droo ikitafuna, kana kwamba nyumba imeingia mchwa.

Ukweli ni huu. Mwaka jana niliamka ulimi ukiwa mzito na upande mmoja wa uso umekufa ganzi. Kufikia mchana hali ilikuwa imepita, nikashukuru, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani humjali muumbuaji akiwa bado yuko mbali? Jioni niliitazama saa ya ukutani, sikuielewa. Kitabu nilisoma vizuri. Saa haikuniambia kitu. Unakumbuka tulivyowafundisha watoto enzi zile tukiwa walimu pamoja: mshale mfupi ukiwa kwenye nane, vuka upande wa pili, utakuta mbili, basi ni saa mbili. Kule kuvuka ndiko kulikopotea. Nikiona nane nasema saa nane. Nikijisahihisha navuka mara mbili, najikuta pale pale nilipoanzia. Simu nayo ilinivuruga zaidi, na tarakimu zake zinazofika ishirini na kitu.

Nikadhani kosa ni la saa. Mimi kusoma majira nilijifunzia kwenye saa ya baba, uso mweupe, tarakimu nyeusi. Nikajiambia nikiipata inayofanana nayo, akili itaikumbuka njia. Ndipo nikaanza kwenda kwa muuza mitumba mmoja wanayemwita Hakuna Feki. Hutandaza saa zake juu ya shuka, na kila moja ina wasifu wake: hii ilikuwa ya rubani, ile ya jaji. Nilimwambia kwamba kwa kioo kile, jaji huyo bila shaka alikuwa akigongelea misumari. Akanijibu kwamba mzee wangu, kutoa haki ni kazi ngumu. Nilijifunza kununua kweli: kufungua mgongo nitafute kutu, kuweka sikioni nisikie kama mapigo yanachechemea, kuutambua uso uliopakwa rangi upya. Mwisho nilimuuliza saa ngapi, kisha nikaikodolea macho ile ya mkononi. Yeye alidhani naikagua saa. Nilikuwa najikagua mimi. Siku moja nilipatia, nikafurahi hata sikuomba kupunguziwa. Nilipofika nyumbani ilikuwa bubu kama zile nyingine.

Wakati huo wote dawa za presha za dada yako zilikuwa mikononi mwangu, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Asubuhi nilifuata kengele ya shule ya jirani, usiku taarifa ya habari ya redio. Binti alitaka mama yake akakae kwake. Nilimjibu kwamba nyumba yenye saa nyingi kuliko kituo cha treni haiwezi kukosea dawa, akacheka, akaridhika. Shemeji, akiondoka dada yako, nikikohoa nani ataniuliza kama nimekufa?

Siku aliyoanguka, umeme ulikatika na mvua ikafunga anga mpaka chumbani hapakuonekana kitu. Nilikuwa nimesinzia. Nikazinduka, nikashika saa iliyokuwa karibu, nikaisogeza dirishani: mshale mfupi kwenye mbili. Nikasema haya, saa mbili hiyo, usiku umeingia. Nikampa vidonge vyake vya usiku. Alivimeza, akaniuliza mbona leo usiku umekuja bila chakula. Punde mawingu yakapasuka na jua likaingia mpaka kitandani. Ilikuwa saa nane mchana.

Hospitalini walisema presha ilishuka ghafla. Waliniuliza kama dawa alipewa kwa wakati, nikasema ndiyo. Wewe ukanikumbatia mbele ya watu, ukasema dada yako alipata mume. Amerudi nyumbani, hana nguvu, na vidonge bado navitoa mimi. Nakuomba uje umchukue, umpeleke kwa binti au ubaki naye wewe. Usinisikilize nikikataa, maana nitakataa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na yule mjukuu wako mtundu mwambie babu anamwonea wivu meno yake.

Ni mimi shemeji yako, Bwana Majira.

Nimeshatia sahihi, na bado sijasema. Kosa la mchana ungenisamehe, lilikuwa la ugonjwa. Lakini usiku wa siku ile, kabla hajaanguka, binti alipiga simu, akasema Baba, saa mbili imefika, mpe mama dawa. Kumwambia kwamba nimeshampa mchana kungekuwa kumwambia yote, na kesho yake angekuja na gari kumchukua. Dada yako alifungua kinywa mwenyewe, kwa kuniamini. Sikuwa nimesahau, Shemeji. Nilijua ameshameza, nikampa tena.