Isale la Profesa

Jumapili, Kibosho

Na alivyolishika kwa mikono miwili, kama padri anayeinua hostia. Jani la isale tu. Profesa, bosi wangu, aliyechapisha utafiti wangu kwa jina lake, leo amepanda mpaka nyumbani kuniomba msamaha kimila.

Miaka yote hii nahangaika na swali moja: vifaa vidogo kuliko chembe ya damu vitapeanaje habari ndani ya mwili, ambako mawimbi ya redio yanafifia upesi? Jibu langu ni molekuli, kama mwili wenyewe unavyofanya. Yeye hesabu zenyewe hawezi hata kuzieleza. Mkutanoni aliulizwa, akaishia kukohoa.

Ila mila anaijua. Mchagga akiletewa isale anasamehe, hakuna mjadala. Ndiyo maana hakunifuata ofisini. Alikuja mbele ya mama yangu, shikamoo nyingi, akala na ndizi za mama.

"Pokea, mwanangu," mama alininong'oneza. "Isale halikataliwi."

Nikapokea. Sasa nikilalamika chuoni, mbaya ni mimi. Naogopa kazi yangu ndiyo imekwenda hivyo, na mimi nimeitikia.

Alipoondoka nilitoka kufunga geti. Kwenye uzio wetu, ambao ni wa masale hayohayo, pale alipoegesha gari, shina moja limenyofolewa jani, utomvu haujakauka.

Nikamwita mama. Aliutazama uzio, kisha akalitazama jani mkononi mwangu.

"Hata jani?" akasema.