Sahihi Kwenye Kadi ya Gerrit

Jumatatu, 3 Machi

Zipu tatu, mabegi mawili ya wanafunzi, pazia la jirani. Goti la kushoto limevimba tena. Ndilo lililotangulia kufika chini mara nyingi.

Mchana ameingia mwanamke wa Kizungu hapa kwenye cherehani yangu, Glenwood, Durban. Ana miaka thelathini hivi. Anaitwa Karen. Amebeba ovaroli ya kurukia, nyekundu, mikono ya njano, zipu imekufa. Niliijua kabla hajaitandika mezani. Ya Gerrit. Karen ni binti yake. Baba yake alipokufa alikuwa bado mgongoni.

Klabu yao ya kuruka kwa parachuti ina sherehe mwisho wa mwezi, na kitabu cha kumbukumbu za siku za mwanzo. Ovaroli itatundikwa ukutani. Ameambiwa kuna mzee Mkongomani aliyekuwa akikunja parachuti, na bado yuko hai. Anataka niandike ninayoyakumbuka. Jumamosi ya tarehe 15 atakuja kuchukua vyote viwili.

Nimesema ndiyo. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Naandika kwanza kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kuuliza rangi ya uzi.

Mwanzo wangu si mwanzo wao. Mimi nilianzia jeshini, Zaire. Ndege isiyo na mlango, sajini anayekusukuma kwa buti. Parachuti za duara. Huziendeshi, zinakupeleka zitakako. Mkunjaji alikuwa na sheria moja tu: wakati wowote ofisa angeweza kuokota parachuti uliyoikunja akakwambia vaa, panda, ruka nayo. Hakuna aliyekunja kivivu.

Durban nilifika na vidole vyangu tu. Nilibeba magunia bandarini. Halafu nikasikia kuna kiwanja kidogo cha ndege kaskazini, katikati ya miwa, watu wanalipa ili waruke. Nilicheka peke yangu. Sisi tuliruka kwa fimbo.

Jumatano, 5 Machi

Siku za mwanzo, wanasema. Sawa. Ndege moja, viti vimeng'olewa, tunakaa sakafuni kama viazi. Hakuna chombo cha kukupigia kelele sikioni kwamba ardhi imefika. Una saa ya kimo mkononi na akili yako. Ukikosea upepo unatua kwenye miwa, unatoka umechanjwa uso, mbwa wa mwenye shamba anakungoja. Tulivunja vifundo vya miguu. Tulicheka sana. Siku hizi vijana wanafungwa kifuani mwa mwalimu, wanapiga kamera busu, wanashuka wanasema wameruka.

Walinipa kazi ya kukunja. Mwenye klabu aligundua baadaye kwamba najua pia kuruka, na kuliko wengi wao. Haikumfurahisha.

Gerrit alifurahi. Alikuwa fundi wa magari, kelele nyingi, roho nyeupe. Alikuja kwangu Cato Manor, enzi hizo mimi na mke wangu tukikaa chumba kimoja, akala ugali na sombe, kisamvu chetu, kwa mkono, akaomba tena. Katika mchezo huu kila mruko unaandikwa kwenye daftari lako, na aliyeuona anaweka sahihi. Bila sahihi ya shahidi, hukuruka. Wengine walisahau kunisainia. Gerrit hakusahau. Alinisainia, nikamsainia.

Ijumaa, 7 Machi

Karen amenitumia kurasa za kitabu kwenye simu.

Ipo picha ya sisi sita tumeshikana duara angani. Mara ya kwanza klabu kufanya hivyo. Majina matano chini yake. Wameikata pembeni. Mkono wangu upo, umeshika mkono wa Gerrit. Mimi sipo.

Nilijua watanifanyia hivi. Nilijua, na bado imeniuma. Mzee mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma ukurasa wa Gerrit. Mistari minne. Alikuwa mchangamfu, alipendwa, alichelewa kuvuta parachuti yake.

Alichelewa kuvuta.

Nimevunja sindano mbili leo. Mteja amelalamika mshono umepinda, nikamwambia apeleke kwingine. Mke wangu amenitazama nikisukuma sahani. "Papa Furaha, iko nini? Unakula kama mutu wa kilio." Nikasema goti. Akasema, "Goti haina kinywa."

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikuimba.

Wiki nzima nimeandika juu ya picha iliyokatwa na mwenye klabu na vijana wa kamera. Maneno matupu. Kikulacho ki nguoni mwako. Niandike sasa, hakuna anayesoma.

Kila mrukaji anabeba parachuti mbili, kubwa na ya akiba. Ya akiba hukaa miezi bila kuguswa. Kwa hiyo kila baada ya muda mkunjaji anaifungua, anaianika, anaikunja upya, anatia tarehe na sahihi kwenye kadi ndogo inayokaa mfukoni mwa parachuti hiyo. Kadi ikipitwa na muda, hupandi ndege.

Jumamosi ile kadi ya Gerrit ilikuwa imepitwa. Ndege inanguruma. Mwenye klabu mwenyewe alikuja na kadi na kalamu. Akasema saini, utaifungua Jumatatu, wote wanafanya. Kweli wote walifanya. Tulikuwa na jina lake: kukunja kwa kalamu. Gerrit alikuwa nyuma yake, amevaa tayari, anacheka, ananikonyeza. Ningesema hapana. Jeshini ningesema hapana. Hapa nilikuwa na karatasi ya ukimbizi ya miezi mitatu na kazi moja.

Nikasaini.

Parachuti kubwa ilijisokota. Niliona kutoka chini, kwa darubini. Aliikata mapema, akaiachia iende zake, juu sana, kama inavyofundishwa. Akavuta ya akiba. Mkono wake niliuona. Ikatoka kitambaa kimeshikamana, kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Ilikuwa imekaa msimu mzima wa mvua kwenye buti la gari lake. Ningeifungua ningejua kwa harufu tu.

Ilianza kufunguka juu ya miwa. Kuanza tu.

Uchunguzi ulipokuja, kadi ilikuwa safi. Tarehe, sahihi. Basi kosa likawa la marehemu. Mwenye klabu alisema alichelewa kuvuta. Aliyeshika darubini alikuwa mimi peke yangu. Wakaniuliza. Nikasema jua lilinipiga machoni.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa Karen. Viti vilivyong'olewa, mbwa, ugali na sombe. Mzuri. Atacheka.

Mwenye klabu alikufa zamani, kitandani, na maua. Nani atafaidika nikisema? Nina miaka sabini. Nina wajukuu waliozaliwa hapa. Wakitaka kuniburuta mahakamani, wataniburuta.

Nimetoa daftari langu la kazi sandukuni. Kila parachuti niliyokunja imo, siku, jina, namba. Siku ile hakuna kitu. Kwenye kadi nilidanganya. Kwenye daftari langu mkono ulikataa. Ijumaa, mistari mitatu. Jumamosi, tupu. Jumapili, tupu. Sikuwahi kukunja tena.

Namchukia mwenye klabu. Najichukia zaidi. Hata Gerrit namchukia kidogo, kwa kunikonyeza.

Alhamisi, 13 Machi

Zipu ya ovaroli nimeibadilisha. Shingoni pana doa la grisi. Sikulifua.

Nimemwambia mke wangu. Kila kitu. Miaka yote hii, na alikuwa hajui. Amesahau jiko mpaka sufuria ikaungua. Kisha: "Ule mutoto anazani baba yake alikuwa mujinga?" Nikasema ndivyo alivyoambiwa. Akasema, "Basi unangojea nini?"

Sufuria ameiacha niioshe mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Karen amekuja saa nne. Nikampa kiti. Nikampa daftari badala ya ukurasa. Nikamwonyesha pasipo na kitu, nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu, polepole, bila jua machoni.

Nilingoja anitukane. Aliuliza swali moja. "Kwa hiyo alivuta?"

Nikasema alivuta. Mapema. Alifanya kila kitu sawa.

Kisha akasema mama yake alifariki miaka miwili iliyopita. Maisha yake yote aliamini Gerrit hakutaka kuvuta. Walikuwa wamegombana asubuhi ile. Mama alidhani yeye ndiye sababu.

Akasimama, akaondoka. Daftari amelichukua. Ovaroli ameiacha juu ya meza, nikaja nayo nyumbani.

Kwa miaka hii yote nilidhani nimemdhulumu mtu mmoja, tena marehemu. Kumbe kulikuwa na mwanamke mji huuhuu, anapika, anaenda kazini, na sahihi yangu iko kifuani mwake. Ningeweza kumfikia kwa taxi moja.

Jumapili, 16 Machi

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Tulikuwa tumetoka kanisani, mke wangu anachambua sombe. Mlango ukagongwa. Karen.

Hakusalimu. Alirudisha daftari langu. Kisha akatoa lingine, jalada la bluu, kona zimeliwa. La Gerrit. Mruko wa 311, sahihi yangu. Mruko wa 312, sahihi yangu. Wa 313 haupo. Marehemu haandiki.

Akaniwekea kalamu. Akasema, "Wewe ndiye uliyeuona."

Nimeandika pale pale, kwenye meza ya chakula. Namba. Tarehe. Kubwa ilijisokota, aliikata mapema. Aliivuta ya akiba kwa wakati. Ya akiba haikufunguliwa kwa ukaguzi, sahihi ya kwenye kadi ni ya uongo, ni yangu. Kisha jina langu lote, na sahihi kwenye nafasi ya shahidi. Inasomeka.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma tena. Akasema ukurasa huu ndio utakaoingia kwenye kitabu, wapende wasipende. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Mke wangu alimpa sahani. Alikula kidogo, kwa mkono, akitazama jinsi mke wangu anavyofinyanga tonge.

Alipoondoka alichukua ovaroli. Kibarazani alipandisha zipu mpaka juu, akaishusha, akaipandisha tena. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya koti isilowe.