Usiku Niliokula na Shaibu

Mchafukoge,
Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Kile kifua kimekuacha, au bado unakohoa usiku? Na yule mbuzi aliyekuwa na mimba, amezaa salama? Mimi mzima, nauza vitenge vya watu kama kawaida, ila miguu inavimba jioni kwa kusimama. Ningekupigia simu, lakini simu yako unaipokea kwa sauti ya juu na majirani wote wako barazani. Haya ninayoandika ni yako peke yako. Vaa miwani, ingia ndani.

Kaka Shaibu ametoka.

Asubuhi ya siku aliyotoka nilikwenda kumpokea gerezani kama tulivyopanga. Nikasimama getini na mfuko wa nguo nilizomnunulia mpaka jua likawa kali. Nilipouliza, askari akaniambia, "Huyo katoka mapema sana, dada. Hajafika kwenu?" Nikarudi dukani. Tajiri alinisemesha, sikumbuki alisema nini. Nikakunja vitambaa mpaka tukafunga.

Usiku nimeshapanda kitandani, mlango ukagongwa taratibu, kama vile anayegonga hataki kusikika. Nikamkuta kwenye korido, amekonda, mvi zimemwingia pembeni mwa kichwa. Mama, miaka yote nilidhani siku hiyo nitapiga kelele au nitalia. Nilichosema ni, "Umekula?" Akasema, "Bado." Kutwa nzima alikuwa Feri, amekaa ukutani anaangalia watu wanavyoshuka kwenye pantoni. Kila akinyanyuka aje kwangu, anajikuta amekaa tena.

Gesi ilikuwa imeisha na ndani sikuwa na kitu. Tukatoka. Maduka yote ya Kariakoo yalikuwa yamefungwa, barabarani yamebaki maboksi matupu na walinzi waliojifunika makoti. Kona ya pili kutoka kwangu kuna banda la chipsi la kijana mmoja wa Kichaga, wote tunamwita Mangi. Ana kabati la kioo lenye taa ndani, jiko la mkaa, na viti vya plastiki kando ya barabara. Wapagazi wakishusha mzigo usiku, kwake ndiko wanakokula.

"Dada Zuhura, leo una mgeni!"

"Kaka yangu huyu."

"Karibu sana, bro. Nikupe nini?"

Shaibu alikuwa ameshakaa. Aliposemeshwa akasimama, mikono nyuma, macho chini. "Chochote," akasema.

"Chochote kimeisha," Mangi akacheka. "Kuna chipsi kavu, chipsi mayai na mishikaki."

Shaibu akanitazama. Nikaona kabisa hawezi kuchagua. Nikaagiza chipsi mayai sahani mbili, na mishikaki, na kachumbari nyingi, maana nakumbuka alivyokuwa anaipenda. Nikamvuta shati akakaa.

Alikula haraka, mkono wa kushoto ameuzungushia sahani kama kuna mtu atakayemnyang'anya. Mimi nilikuwa naokota chipsi moja moja. Nilikuwa nawaza lile uliloniagiza, nimwambie kabla hajakanyaga huko kwetu Newala. Tulikubaliana tumfiche akiwa ndani, asije akajidhuru. Nikawa napanga maneno, kila ninalolipata naliona baya.

Akaanza yeye. "Baba mguu wake vipi? Bado unamsumbua?"

Nikasema, "Kula kwanza."

Hapo hapo akaacha kula. Akakaa na ile chipsi mkononi. Mangi alikuwa anapasua mayai, redio yake inaimba taarabu kwa sauti ndogo.

"Lini?" akaniuliza.

"Mwaka juzi. Msimu wa korosho ulikuwa ndiyo umeanza."

"Nani aliingia kaburini kumpokea?"

"Mjomba, na Bakari mtoto wa shangazi."

Akatikisa kichwa. "Bakari," akasema. "Ile ilikuwa nafasi yangu." Halafu akala ile chipsi, akaendelea na nyingine mpaka sahani ikaisha. Nikamsogezea yangu, akaila pia. Hakutoa chozi, Mama, na mimi sikutoa. Nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu mpaka ukafa ganzi: naugusa, najua ni wangu, sisikii kitu. Nikaanza kumsimulia mazishi, nani alikuja, nani hakuja. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu anayetangaza bei.

Mangi akaja kuchukua sahani. "Bro alikuwa na njaa! Nikuongeze?"

Shaibu akasimama tena. "Hapana, mkuu. Asante, mkuu."

Mangi akanitazama. Nadhani alielewa, maana hakucheka tena. Akatuletea chai ya tangawizi ambayo hatukuagiza, akaenda kukaa mbali na sisi.

Tukiwa na ile chai ndipo Shaibu akaniuliza kitu ambacho nilijua kitakuja. "Zuhura, Baba alikufa ana radhi na mimi?"

Unakumbuka siku ya hukumu. Shaibu aliwafungulia wezi stoo aliyoajiriwa kuilinda, na Baba akasema mbele yetu sote kwamba kuanzia leo hana mtoto wa kiume. Sikumsikia akilitaja jina la Shaibu tena. Lakini usiku ule wa mwisho wewe ulibaki naye chumbani, sisi tuko nje. Ulipotoka ulituambia tu kwamba amepumzika.

Ningeweza kumwambia Shaibu ndiyo. Neno lilifika mdomoni. Nikasema, "Sijui. Mama ndiye aliyekuwa naye."

Akanywa chai yake yote. "Basi nitamuuliza Mama," akasema. "Usimpigie. Nataka nimwone usoni akinijibu."

Tukarudi. Alilala sakafuni karibu na mlango, akaniomba nisizime taa. Tangu siku hiyo yuko hapa, anafagia korido ya watu bila kuombwa. Tajiri amenipa ruhusa, Ijumaa tunapanda basi. Barua hii anakuletea mama mmoja wa duka la jirani anayewahi msiba huko.

Nisalimie mjomba, nisalimie shangazi na mwanawe Bakari, na umwambie Bakari asimkwepe mwenzake. Salamu pia kwa mdogo wangu Salima na mumewe, na kwa bibi wa nyumba ya pili anayekuchotea maji.

Mama, nimekuandikia mapema ili Shaibu asikukute hujajiandaa. Usimtungie kitu cha kumtuliza, atakutazama machoni na atajua. Kama Baba alisema neno, mpe lile lile. Kama hakusema, mwambie hakusema, halafu kaa naye. Na mimi niache niwepo mnapozungumza. Sijawahi kukuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Mwanao,
Zuhura